Tulibadilisha Mti, Hatukuuponya: Ushuhuda wa Seremala wa Burma

Mimi ni seremala. Kazi yangu naifanyia pembeni mwa Soko la Burma, upande wa Shauri Moyo, karibu na Barabara ya Jogoo. Wakazi wengi wa Nairobi wanaijua Burma kwa nyama. Alfajiri mizoga inashushwa, visu vinanolewa, na kufikia saa mbili asubuhi foleni imeshapangwa. Wachache huangalia kilichoibeba nyama hiyo: meza, fremu ya kibanda, rafu, mlango, benchi analokalia mteja akisubiri kupimiwa. Ukitoa gogo la kukatia, ambalo lazima liwe la mti mgumu usio na harufu, vingine karibu vyote hapa vimeundwa kwa saiprasi.

Saiprasi ndiyo imenilisha. Ni mbao nyepesi, hairushi misumari, inakubali randa, na harufu yake huwaweka wadudu mbali na nguo ukiitengenezea kabati. Mashariki ya Nairobi yote, kuanzia Kaloleni hadi Dandora, watu wamelala juu ya vitanda vyake na kufunga milango yake. Ninachotaka kushuhudia hapa ni jambo ambalo vijana wengi ninaowafundisha kazi hawakuwahi kuambiwa: saiprasi tunayopasua leo si ile ambayo maseremala waliotutangulia walianza nayo. Ile ya kwanza iliangamizwa na ugonjwa. Nchi ikaiacha ife, ikapanda nyingine mahali pake, na nyingine hiyo nayo ikaja ikashambuliwa.

Fundi hujua habari za mti kutokana na mbao. Ukiona mstari mweusi wa ulimbo umejikusanya ndani kama mfuko, ujue mti ulijeruhiwa ukajitibu. Ukiona mashimo ya umbo la yai yanayopita katikati ya kiini, yamejazwa unga mkavu, hapo alipita buu wa mbawakawa anayeitwa Oemida gahani, anayeingia kupitia matawi yaliyokauka na makovu ya kupogoa. Mbao ya namna hiyo hukatika ukiigongea msumari. Fundi mwenye uangalifu huigeuza, huipiga kwa kifundo cha kidole asikie kama ina sauti tupu, kisha huirudisha yadi. Mimi nilijifunza kuirudisha kabla sijajifunza kuipiga randa, na ni huko yadi, kwa wazee waliowahi kufanya kazi kwenye viwanda vya kupasua mbao vya Elburgon na Molo, ndiko nilikoanza kuuliza miti hii inaugua nini. Baadaye nikaendelea kuuliza kwa maafisa wa misitu.

Saiprasi ya kwanza ililetwa Kenya na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lake la kitaalamu ni Cupressus macrocarpa. Kwao ni Monterey, kwenye ufuo wa California nchini Marekani, ambako kwa asili imebaki katika vichaka viwili tu kando ya bahari. Ilipofika kwenye baridi na mvua za nyanda zetu za juu ilikua kwa kasi ambayo haikuijua kwao. Serikali ya kikoloni ikafyeka misitu ya asili, ikapanda mashamba makubwa ya mti huo mmoja, safu kwa safu, umri mmoja, mbegu zilizokaribiana kwa nasaba. Kwa mtu anayehitaji mbao zilizonyooka, hakuna mpango unaovutia kuliko huo. Kwa ugonjwa, vilevile.

Ugonjwa wenyewe ni donda la saiprasi, na kinachouleta ni kuvu. Chembe zake ni vumbi ambalo jicho halilioni. Huchukuliwa na matone ya mvua, upepo, wadudu na hata panga la mwanadamu, zikaingia penye jeraha lolote dogo kwenye gome. Chini ya gome kuna tabaka laini linalopitisha chakula cha mti, na humo ndimo kuvu huishi na kuua. Mti hujitetea kwa kutoa ulimbo, unaouona ukichuruzika kwenye shina. Gome hubonyea, huwa jekundu-kahawia, hupasuka. Donda likilizunguka tawi, kila kilicho juu yake hukauka. Likilizunguka shina, mti umekwisha.

Hapa Nairobi, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyeitwa R. M. Nattrass aliandika kuhusu donda hilo katika miaka ya 1940. Wazee wa Shauri Moyo hutuambia kwamba soko letu lilipata jina kwa askari wa King's African Rifles (KAR) waliorudi kutoka vita vya Burma. Miaka hiyohiyo vijana wetu walipokuwa wakipigana katika misitu ya Asia, misitu ya kupandwa ya hapa nyumbani ilikuwa ikifa kimya. Kufikia miaka ya 1950 saiprasi ya Monterey haikupandwa tena kwa ajili ya mbao. Mahali pake pakawekwa binamu yake kutoka Mexico, Cupressus lusitanica, ambaye hustahimili donda vizuri zaidi. Huyo ndiye ninayempasua leo.

Jambo hilo likarudiwa kwa paini. Paini iliyotegemewa zaidi, Pinus radiata, nayo ni ya ufuo uleule wa California na visiwa viwili vya Mexico. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuvu mwingine, Dothistroma, aliingia Kenya akaanza kuchoma sindano za miche. Sindano zilipata mikanda myekundu, zikakauka, zikapukutika, na mche usio na sindano hauna kinywa. Watafiti wa misitu wa Muguga walijaribu kuchagua na kuzalisha mipaini iliyoonekana kuvumilia, na kazi yao ilianza kuonyesha dalili njema. Lakini mashamba hayakuweza kungoja. Kukapandwa paini ya Mexico, Pinus patula, na radiata ikawekwa kando.

Kwa hiyo mara mbili, ndani ya muda wa kizazi kimoja, jibu letu lilikuwa lilelile: mti ukiugua, tafuta mti mwingine. Siwalaumu waliofanya uamuzi huo. Nchi ilitaka mbao, shule zilitaka madawati, reli na nyumba zilitaka kujengwa, na mti wa kubadilisha ulikuwepo. Ninachosema ni kwamba kubadilisha kulitufundisha tabia mbaya. Kulituonyesha kwamba mti ni kitu cha kununua upya.

Marekani walipata msiba wa namna hii, mkubwa zaidi, na wao hawakuwa na wa kubadilisha. Mti wao ni mchesinati, mti mkubwa wa milima ya mashariki mwa nchi hiyo, wenye njugu tamu za kahawia zilizoliwa na watu, nguruwe na wanyama wa porini. Seremala mwenzangu wa huko aliupenda kwa sababu zilezile ninazoipendea saiprasi: ulipasuka vizuri, ulikuwa mwepesi, tena haukuoza upesi. Waliutumia kwa nguzo za ua, mataruma ya reli, vitanda vya watoto na majeneza. Mwaka 1904, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, mtunza misitu Hermann Merkel aliona michesinati inakauka. Kuvu aliyeiua alikuwa amefika na miche kutoka Asia, na kazi yake ni ileile ya donda letu: huingia penye jeraha, huua chini ya gome, hulizunguka shina. Kufikia miaka ya 1950 miti inayokadiriwa kati ya bilioni 3 na 4 ilikuwa imekufa.

Mambo mawili katika habari hiyo yananigusa kama fundi. La kwanza ni kwamba mizizi haikufa. Udongo una vijidudu vinavyomzuia yule kuvu, kwa hiyo kisiki huchipua. Chipukizi hukua miaka kadhaa, gome lake hupasuka, ugonjwa huliingia, hufa, kisha kisiki huchipua tena. Mpaka leo michesinati mingi ya Marekani iko hai kwa namna hiyo, bila kufika umri wa kuzaa. Saiprasi hana bahati hiyo. Ukimkata hachipui kisikini. Akishakufa amekufa, na alichokuwa nacho damuni kinakwenda naye.

La pili ni kwamba ugonjwa ulipoenea, wenye misitu walikimbilia shoka. Jimbo la Pennsylvania liliunda tume mwaka 1911 ya kuuzuia kwa kukata miti mbele yake. Wengine walikata ili wauze mbao kabla hazijaharibika. Ugonjwa haukuzuiliwa, na wataalamu wengi wanaamini kwamba miongoni mwa miti iliyoangushwa ilikuwemo michache ambayo ingeweza kustahimili. Hakuna aliyengoja kuona ni ipi.

Kazi ya kuurudisha mti huo imechukua zaidi ya miaka mia moja na haijaisha. Shirika la The American Chestnut Foundation liliundwa mwaka 1983. Walichukua mchesinati wa China, uliozoeana na kuvu huyo tangu zamani, wakauchanganya na wa kwao, kisha wakawa wanamrudisha mtoto kwa ukoo wa Marekani kizazi baada ya kizazi, wakitafuta mti wenye mwili wa Marekani na ustahimilivu wa China. Waligundua kwamba ustahimilivu hautegemei jeni mbili tatu, bali nyingi, kwa hiyo ukiurudisha mti sana kwa ukoo mmoja unapoteza ulichokitafuta kwa mwingine. Watafiti wa chuo cha misitu na mazingira cha Syracuse wakaja na njia nyingine: jeni kutoka kwa ngano inayovunja asidi ambayo kuvu huitumia kuua gome. Mti huo waliuita Darling 58. Mwishoni mwa 2023 ilibainika kwamba miti iliyokuwa ikijaribiwa kwa jina hilo ilikuwa ya ukoo mwingine, Darling 54, na lile shirika likaondoa uungaji mkono wake. Watu wengine wangekata tamaa. Wao bado wanapanda, wanapima, wanachagua. Naiheshimu subira hiyo, kwa sababu najua mti mmoja wa mbao unavyochelewa kuliko maisha ya mradi wowote.

Sisi tulipata nafasi yetu ya kujifunza subira mwaka 1990. Nilikuwa kijana kijijini kwetu Kinangop, ambako ua wa saiprasi ulikuwa mpaka wa shamba, kinga ya upepo na kuni za dharura. Ua ukaanza kuwa wa kahawia kutoka ndani kwenda nje. Ukipenyeza mkono, vidole vilitoka vimenata. Siafu na sisimizi walipanda na kushuka, na matawi ya chini yalipakwa masizi meusi. Majirani walisema ni ukame. Walikuwa ni vidukari.

Kidukari cha saiprasi kilionekana kwanza Malawi mwaka 1986, kikapanda kaskazini kupitia Tanzania na Uganda, kikaingia Kenya mwaka 1990. Hunyonya utomvu wa matawi membamba, na mate yake yana sumu kwa mti, ndiyo maana tawi hukauka hata baada ya chenyewe kuondoka. Majike huzaa bila dume. Utamu wanaoumwaga ndio unaonata na kuotesha yale masizi. Katika Afrika ya mashariki na kusini, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, miti iliyouawa ilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 40, na hasara ya ukuaji ikawa zaidi ya dola milioni 13 kila mwaka. Saiprasi ya Mexico, ile tuliyoitwaa ituokoe na donda, ndiyo iliyokuwa imeshika sehemu kubwa ya mashamba ya miti ya serikali kuliko mti mwingine wowote. Safari hii hapakuwa na binamu wa kukimbilia.

Na kwa kuwa hapakuwa, tulifanya lililo sahihi. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, iliyoko Muguga, ilishirikiana na wataalamu wa kimataifa wa kudhibiti wadudu kwa wadudu. Wakaleta nyigu mdogo kutoka Ulaya, Pauesia juniperorum, mdogo hata ukimwona hutamdhania nyigu. Jike hudunga yai ndani ya kidukari. Buu huanguliwa humo, humla mwenyeji wake kutoka ndani, na kidukari hubaki ganda kavu lililovimba. Nyigu hao waliachiliwa Malawi mwaka 1994, na nchi nyingine za eneo hili zikafuata, Kenya ikiwemo. Vidukari havikwisha, na msimu wa kiangazi bado vinaonekana kwenye nyua, lakini saiprasi ilibaki. Mbao nilizoanzia kazi Burma zilitoka kwenye miti iliyopita katika tufani hiyo. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba kupigania mti kunawezekana hapa kwetu, na wataalamu wa kuupigania tunao.

Kuna mti mmoja ambao ukiondoka hatutaweza kuubadilisha, nao ni mtarakwa, mwerezi wetu wa asili. Ni jamaa ya saiprasi, na kidukari hichohicho huushambulia. Mbao zake haziliwi na mchwa. Nguzo za mtarakwa zilizochimbiwa na babu zetu zipo mpaka leo kwenye mipaka ya mashamba, na wakati wa ukoloni mti huo ulipelekwa ng'ambo kutengenezwa penseli. Hukua polepole mno, na miti mizee huoza kiini kwa kuvu mwingine, ikasimama mizima kwa nje na mitupu ndani. Mwaka 1986 amri ya rais ilikataza kukata miti ya asili katika misitu ya serikali, lakini amri haipandi mche wala haikusanyi mbegu. Kijana anayejifunza kazi kwangu anaweza kufikia utu uzima bila kuushika ubao wa mtarakwa, na akiukosa mkononi hatakuwa na sababu ya kuuombea.

Uhaba wa mbao nao umetufundisha. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90, kisha ikawa inaongeza muda, hadi Julai 2023 Rais alipotangaza akiwa Molo kwamba marufuku imeondolewa, na suala likaingia mahakamani. Katika miaka hiyo tuliishi kwa mbao za Tanzania na za mashamba ya wakulima. Mama mmoja muuza mboga niliyemtengenezea meza aliniuliza, "Fundi, mbona meza ya mwaka jana na ya leo bei si moja?" Nikamwambia, "Mama, mti wenyewe sasa unatoka mbali." Alinyamaza kidogo, akauliza kama kuna mti mwingine. Swali hilo ndilo ningependa wateja wote waulize.

Jibu ni kwamba ipo. Ipo grevilia ya mashambani, yenye mawimbi mazuri ukiipiga msasa. Upo mukau wa Ukambani, mti wa nchi kavu, mgumu, usioliwa na mchwa. Huo mukau unanipa matumaini kuliko yote, kwa jinsi unavyoshughulikiwa. KEFRI na Wajapani wa shirika la misaada la JICA walizunguka maeneo makavu wakichagua miti bora porini, mmoja mmoja, wakachukua vikonyo, wakaunganisha, wakaanzisha mashamba ya mbegu Kitui na Kibwezi. Hawakuchukua mti mmoja wakauzidisha. Walitafuta nasaba nyingi zenye nguvu. Hivyo ndivyo saiprasi ingepaswa kuanza, na hivyo ndivyo mtarakwa unavyostahili kutendewa.

Kwa hiyo nasema na watu wa aina tatu. Mafundi wenzangu wa Burma, Gikomba na kote Eastlands: jifunzeni mbao nyingine na muwaeleze wateja, kwa sababu tukinunua mti mmoja tu, mkulima atapanda mti mmoja tu. Mkinunua magogo, yaacheni maganda hukohuko yalikotoka, maana gome ndilo linalosafirisha ugonjwa. Wenye mamlaka: nchi imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Hesabu hiyo itatusaidia tu ikiwa mtaandika pia ni miti gani, mbegu zimetoka kwa miti mama mingapi, na nani ataitazama ikiugua. Nanyi wenye mashamba: ua wenu ukikauka na mti mmoja ukabaki kijani katikati ya iliyokufa, msiukate kwa ajili ya unyoofu wa mstari. Uwekeni alama, kusanyeni mbegu zake, na mwiteni mtu wa misitu auone.